Mmoja Atunga Maneno, Mwingine Atunga Mahadhi

Bendera ya taifa ipandapo mlingotini katika shule zetu za Kindu, watoto husimama wima na kuimba wimbo wa nchi yetu. Hata mtoto wa darasa la kwanza, ambaye Kifaransa bado hakijamkaa kinywani, huuimba mpaka mwisho. Lakini mwulize baba yake ni nani aliyeutunga. Mara nyingi atanyamaza, na kama akijibu, atataja mtu mmoja tu.

Kumbe walikuwa wawili. Maneno yaliandikwa na Padre Simon-Pierre Boka wa Shirika la Yesu. Mahadhi yalitungwa na Joseph Lutumba. Wimbo wao uliimbwa nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, ukawekwa kando siku za Zaire, ukarudishwa mwaka 1997. Watawala wamepita, majina ya nchi yamebadilika, na kazi ya watu wale wawili ingali vinywani mwa watoto.

Leo napenda tutazame ushirikiano wa namna hiyo, hasa katika michezo ya kuigiza yenye nyimbo. Ushirikiano huo uligeuza michezo ya Marekani. Huko Uganda, jirani zetu, uliwapa watu michezo katika lugha yao wenyewe, na mmoja wa watungaji wake wawili akauawa. Tukiufahamu vizuri, labda hata michezo ya parokia zetu itapata uhai mpya.

Wimbo kama kiraka

Tuanze nyumbani. Noeli inapokaribia, au sikukuu ya msimamizi wa parokia, vijana wetu hutayarisha mchezo: Kuzaliwa kwa Bwana, Mashahidi wa Uganda, au maisha ya Mwenye Heri Anuarite. Mavazi hushonwa, mikuki huazimwa kwa wazee, ukumbi hujaa watu mpaka madirishani. Mchezo huanza vema. Kisha, ghafula, Herode hunyamaza, askari zake husimama kama vinyago, na kwaya huinuka kuimba nyimbo tatu kutoka kitabuni.

Nyimbo ni nzuri na sauti ni nzuri. Lakini hadithi imesimama pale, kama abiria angojaye garimoshi lisilojulikana litafika lini. Akina mama huanza kuzungumza, watoto hutoka nje kutafuta karanga. Kwaya imalizapo, Herode maskini hana budi kuanza kukasirika upya.

Kosa si la waimbaji. Wimbo ule haukuzaliwa ndani ya hadithi. Umebandikwa juu yake kama kiraka juu ya nguo. Ukiubandua, nguo hubaki vile vile. Wimbo wa kweli wa mchezo hufanana na chane katika mkeka: ukiichomoa moja, mkeka wote waanza kufumuka.

Wawili wa New York

Hata Wamarekani, wenye kumbi kubwa na fedha nyingi, walikaa muda mrefu na viraka. Katika mji wa New York iko njia iitwayo Broadway, ambayo jina lake limekuwa jina la michezo yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, michezo mingi ya huko ilikuwa na hadithi nyembamba tu. Nyimbo zilitiwa ndani ili mwimbaji mashuhuri apigiwe makofi, au wasichana wapate nafasi ya kucheza kwa mavazi ya fahari. Wimbo wa mchezo huu uliweza kuhamishiwa mchezo ule, wala mtazamaji hakushangaa.

Waliogeuza desturi hiyo ni wengi, lakini wawili hutajwa kuliko wote. Oscar Hammerstein, aliyezaliwa mwaka 1895, alitunga maneno. Richard Rodgers, aliyezaliwa mwaka 1902, alitunga mahadhi. Kila mmoja alikuwa amefanya kazi na mwenzi mwingine kabla ya kukutana na huyu. Mwaka 1927 Hammerstein, pamoja na mtunga mahadhi Jerome Kern, alikuwa ametoa mchezo uitwao Show Boat, unaosimulia maisha ya watu wa meli ya michezo katika mto Mississippi. Mtu wa Lualaba angeuelewa upesi, maana humo mna mto, meli, na watu weusi wanaobeba mizigo kutwa; mna pia mke na mume wanaofukuzwa na sheria kwa sababu mke ana damu ya Kiafrika na mume ni mzungu. Rodgers naye alifanya kazi zaidi ya miaka 20 na Lorenz Hart, hodari wa maneno, ambaye pombe ilimharibu. Hart alifariki mwaka 1943.

Tarehe 31 Machi ya mwaka huo huo, Rodgers na Hammerstein walionyesha mchezo wao wa kwanza, Oklahoma!. Watazamaji walingoja kundi la wasichana wenye kucheza, kama ilivyokuwa desturi. Pazia likafunguliwa, wakamwona mama mmoja wa makamo akisukasuka maziwa apate siagi, na kutoka mbali ikasikika sauti ya kijana mchunga ng'ombe akiisifu asubuhi. Hapakuwa na kingine. Mchezo uliofuata hivyo ulionyeshwa Broadway mara 2,212.

Siri yao ilikuwa nini? Zamani, pamoja na Hart, mara nyingi Rodgers alitangulia kutunga mahadhi, na mwenziwe akatafuta maneno ya kuyajaza. Alipokutana na Hammerstein, utaratibu uligeuka, maneno yakatangulia. Hammerstein alikaa shambani kwake Pennsylvania akimfikiri mtu wa hadithi: ni nani, aogopa nini, atamani nini, na kwa nini saa hii kusema hakumtoshi tena, hana budi kuimba. Pengine alikaa na wimbo mmoja kwa majuma. Rodgers alipoipokea karatasi, mara nyingi alimaliza mahadhi kwa muda mfupi mno. Wepesi wake usitudanganye. Mwenziwe alikuwa amekwisha kumlimia shamba.

Tuangalie unyenyekevu uliomo hapa. Rodgers alikuwa mtu mwenye jina kubwa, naye akakubali kuyafuata maneno ya mwingine. Hammerstein naye alijua kwamba watu, watokapo ukumbini, hupiga mbinja, wala mbinja haina maneno. Kila mmoja alihitaji kitu asichokuwa nacho.

Na kwa kuwa nyimbo zao zilikuwa chane za mkeka, hazikuchomoleka kirahisi. Mwaka 1949 walitoa South Pacific, hadithi ya wakati wa vita katika visiwa vya bahari ya Pasifiki. Ndani yake umo wimbo mfupi usemao kwamba chuki ya rangi haizaliwi na mtoto, bali hufundishwa. Walishauriwa kuuondoa, kwa kuwa ungewachukiza Wamarekani wengi. Wakakataa, maana hilo ndilo jambo walilotaka mchezo useme. Mchezo wao wa mwisho pamoja, The Sound of Music, wa mwaka 1959, wamsimulia Maria, msichana aliyetoka katika monasteri ya Nonnberg, Austria, kwenda kuwalea watoto waliofiwa na mama yao. Hammerstein alifariki Agosti 1960, na sinema ya mchezo huo, iliyotolewa mwaka 1965, ikauzunguka ulimwengu.

Wawili wa Kampala

Kule New York, wawili hao walihatarisha fedha na sifa. Sasa turudi Afrika, mashariki ya kwetu, katika nchi ambayo majina ya mashahidi wake, Karoli Lwanga na Kizito, twawapa watoto wetu katika ubatizo. Huko hatari ilikuwa nyingine.

Mwaka 1959 mji wa Kampala ulipata Ukumbi wa Taifa wa michezo ya kuigiza. Jengo lilikuwa la taifa, lakini michezo mingi ya siku zile za kwanza ilikuwa ya Kiingereza, nao wazungu ndio waliokuwa mbele jukwaani. Mtu wa kawaida wa Kampala angeweza kupita nje ya ukumbi ule kila siku asione sababu ya kuingia.

Dalili za mabadiliko zilikwisha kuonekana. Mwaka 1964, Mashahidi wa Uganda walipotangazwa kuwa watakatifu, Roma ilisikia kazi kubwa ya muziki juu yao iliyotungwa na Joseph Kyagambiddwa, Mkatoliki wa Buganda, kwa mahadhi ya Kiganda. Mwaka 1965 wanafunzi wa chuo kikuu cha Makerere walianza kusafiri na michezo yao, wakiionyesha bure mijini na vijijini katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo.

Katika siku hizo Byron Kawadwa, mtunzi na mwongozi wa kundi la Kampala City Players, alishirikiana na mwanamuziki Wassanyi Serukenya. Kawadwa aliandika hadithi na maneno kwa Kiganda. Serukenya alileta mahadhi. Mwaka 1970 walitoa Makula ga Kulabako, na mwaka 1971 Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Bwana Jogoo. Watu waliokuwa wakipita nje ya ukumbi sasa waliingia, kwa kuwa jukwaa lilisema na kuimba kama wao.

Kazi ya Serukenya haikuwa nyepesi. Kiganda ni lugha yenye sauti za juu na sauti za chini. Neno lile lile, sauti ikipanda au kushuka pasipo mahali pake, laweza kugeuka maana. Atakayebandika mahadhi ya kigeni juu ya maneno hayo atamfanya mwimbaji aseme asilolikusudia. Hivyo mtunga mahadhi hana budi kwanza kukaa kimya, amsikilize mtunga maneno anavyosema, na kuyafuata maneno yalikopanda na yalikoshuka.

Kiswahili chetu hakina shida hiyo, lakini kina mkazo wake. Tamka "barabara" ukikaza silabi ya pili, umesema "sawasawa". Kaza ya tatu, umetaja njia ya magari. Nani kati yetu hajasikia wimbo wa kanisani ambao mahadhi yake, yaliyotoka Ulaya, yanakaza silabi isiyostahili kukazwa, mpaka bibi kizee auliza baada ya Misa, "Mwanangu, mliimba nini pale?"

Bwana Jogoo

Oluyimba lwa Wankoko ulikuwa na sura ya hadithi ya zamani, ya ufalme na ya tamaa ya madaraka. Lakini watazamaji walikuwa na masikio. Mwaka 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote yalilishambulia jumba la Kabaka Mutesa wa Pili, naye akakimbilia Uingereza. Akafia London mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zote za Uganda zilifutwa. Mtu aliyeketi ukumbini mwaka 1971, akisikia hadithi ya kiti cha enzi kinachotamaniwa na asiyestahili, hakuhitaji mfasiri.

Januari ya mwaka huo huo Obote alikuwa amepinduliwa na Idi Amin. Hapo ndipo ilipojulikana nguvu ya hadithi iliyotungwa vizuri. Habari ya gazeti humsema mtu mmoja wa siku moja. Hadithi ya jogoo mwenye tamaa yaweza kumfaa mtawala wa jana, na mtawala wa leo akiisikiliza, huanza kujiuliza kama hawamsemi yeye. Miaka ya Amin ilikuwa miaka ya watu kutoweka. Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu, Mkatoliki aliyejulikana na wote, alikamatwa Septemba 1972 wala hakurudi tena kwa watu wake. Wazee wetu wakumbukao mwaka 1964 hapa Kindu hawana haja ya kuelezwa siku za namna hiyo.

Mwanzoni mwa mwaka 1977, kuanzia tarehe 15 Januari hata tarehe 12 Februari, mataifa zaidi ya 50 yalikutana Lagos, Nigeria, kwa sikukuu kubwa ya sanaa za watu weusi iitwayo FESTAC. Uganda iliupeleka Wimbo wa Bwana Jogoo. Kazi ya wawili hawa, iliyotungwa kwa lugha ya nyumbani, ilisimama mbele ya Afrika nzima.

Tarehe 16 Februari, huko Uganda, Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Waanglikana, aliuawa. Kawadwa, ambaye wakati huo alikuwa mwongozi wa sanaa katika Ukumbi wa Taifa, alirudi kutoka Lagos akaikuta nchi katika hofu hiyo. Muda si mrefu alikamatwa na watu wa Amin, akauawa. Hakupelekwa mbele ya hakimu, wala hakupewa nafasi ya kujitetea.

Natani na Herode

Sisi Wakristo twaifahamu habari ya namna hii. Nabii Natani alipotumwa kwa Daudi, hakuanza kwa kumshitaki. Alimsimulia hadithi ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja. Daudi akaisikiliza, akakasirika kwa ajili ya maskini, kisha akajitambua ndani ya hadithi, akatubu. Herode naye alisikia ukweli kutoka kwa Yohane Mbatizaji. Mwisho wake ulikuwa kichwa katika sinia, siku ya karamu na ngoma. Ukweli uliosemwa ulikuwa wa namna moja. Mioyo iliyousikia ndiyo iliyotofautiana.

Tusidanganyane: wimbo haukumwangusha Amin. Aliondolewa mwaka 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na Wauganda waliokuwa wamehamishwa na udhalimu wake. Tena, mke aliyefiwa na mumewe haponi kwa kuambiwa kwamba mchezo wa mumewe ulikuwa mzuri. Lakini mlango ambao wawili wale waliufungua haukufungwa tena. Baada ya Amin, michezo ya nyimbo ilizidi kustawi Kampala. Jimmy Katumba na kundi lake la The Ebonies walijaza kumbi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Alex Mukulu, katika Thirty Years of Bananas, aliisimulia historia ya nchi yake tangu uhuru kwa kuigiza na kuimba. Mwaka 1993 ufalme wa Buganda nao ulirudishwa.

Na sisi wa Kindu?

Twaweza kujifunza nini, sisi tusio na ukumbi wa taifa, wala pengine umeme wa kutosha wa kumulika jukwaa?

Kwanza, kutafuta wawili. Katika karibu kila parokia yuko mzee au katekista ambaye Kiswahili chamtii kama mbuzi amtiivyo mchungaji wake, na yuko kijana ambaye gitaa halimtoki mkononi. Mara nyingi hawasalimiani vizuri. Mzee humwona kijana kuwa mhuni, na kijana humwona mzee kuwa mtu wa jana. Wakalishwe meza moja. Mzee aandike, kijana asikilize kabla ya kugusa uzi wa kwanza. Na kijana akisema, "Baba, neno hili haliimbiki," mzee naye akubali kulibadili.

Pili, kuupima kila wimbo. Uondoe, kisha uangalie. Kama hadithi yasonga mbele bila kuona upungufu, wimbo huo na ungoje Misa ya Dominika, ambako utafaa zaidi.

Tatu, kuuacha wimbo ufanye kazi ambayo maneno matupu hayawezi. Chukueni mchezo wa Herode. Mwanzoni mama mmoja wa Bethlehemu ambembeleza mtoto wake kwa wimbo mfupi, wimbo ambao mama yeyote wa Alunguli angeweza kuuimba jioni akiwa mlangoni. Askari wapita. Baadaye mama yule arudi peke yake, mikono mitupu, naye auimba wimbo ule ule. Hakuna haja ya hotuba juu ya ubaya wa kuua watoto. Hakuna mtu atakayetoka nje kununua karanga.

Nne, kusema kweli bila kumtukana mtu. Mchezo si mahali pa kulipia kisasi kwa chifu au kwa jirani. Natani alimsimulia mfalme hadithi ili apone, si ili aaibike mbele ya watu. Lakini ikiwa hadithi yahitaji kusema kwamba mwenye nguvu amemnyang'anya mnyonge, isikatwe kwa ajili ya kumpendeza mgeni wa heshima aketiye mstari wa mbele.

Katika gazeti la jamaa zetu sina haja ya kueleza zaidi kwamba kazi hii ya wawili yafanana na ndoa. Mume na mke hawana sauti moja, wala hawakuumbwa wawe nayo. Wakishindana nani asikike zaidi, watoto huziba masikio. Kila mmoja akimsikiliza mwenziwe kabla ya kuinua sauti yake, nyumba yote huimba.

Basi, mara nyingine mtakapowasikia watoto wakiuimba wimbo wa taifa chini ya bendera, waambieni kwamba waliutunga watu wawili. Na mtoto akiuliza ni yupi kati yao aliyekuwa mkubwa, mwambieni aimbe mahadhi bila maneno, kisha aseme maneno bila mahadhi. Atajijibu mwenyewe.